Kamera ya gari yaona nyuma, lakini mtoto aokolewa na dereva

SAA moja kasorobo asubuhi. Umekunywa chai harakaharaka, umewaaga watu wa nyumbani na sasa umo ndani ya gari. Unatia gia ya kurudi nyuma na skrini ndogo inawaka kwenye dashibodi. Unaitupia jicho: ua ni mtupu. Basi unageuza uso kutazama lango, mguu unaachilia breki na gari linaanza kurudi. Wakati huo huo mtoto wako wa miaka miwili amemponyoka yaya mlangoni na anakuja mbio kukupungia mkono. Anapita kando ya gari na kutokea nyuma yake.

Kinachofuata ni jambo la sekunde mbili tu, lakini familia huishi nalo maisha yake yote.

Huenda ukashangaa, msomaji, kwamba ukurasa wa afya leo unazungumzia kamera ya gari badala ya malaria au shinikizo la damu. Yafaa ieleweke kuwa jeraha halina tofauti kubwa na ugonjwa. Lina chanzo chake, lina watu linaowashambulia zaidi ya wengine, na muhimu kuliko yote, lina kinga. Kwa jeraha la kugongwa na gari linalorudi nyuma, kamera ni sehemu ya kinga hiyo. Sehemu iliyobaki ni wewe.

Wanaoumia ni akina nani?

Ajali za aina hii aghalabu hazitokei barabarani. Hutokea uani, kwenye maegesho ya fleti, nje ya kanisa au msikiti na katika viwanja vya shule na maduka. Katika mitaa kama Buruburu na Umoja jijini Nairobi, mahali watoto wanapochezea mpira ndipo pia majirani wanapoegesha magari.

Shirika la serikali ya Marekani linaloshughulikia usalama wa barabara, NHTSA, lilikadiria mwaka wa 2014 kwamba magari madogo yanayorudi nyuma huua watu wapatao 210 na kuwajeruhi wengine 15,000 kila mwaka nchini humo. Kati ya waliokufa, asilimia 31 walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano, na asilimia 26 walikuwa wazee wa miaka 70 na zaidi. Kwa maneno mengine, zaidi ya nusu ya waliofariki walikuwa watoto wadogo kabisa na wazee.

Sababu zake si ngumu kuelewa. Mzee hutembea polepole na pengine hasikii vizuri gari linaponguruma. Mtoto wa miaka miwili ana kimo cha sentimita 85 hivi, ilhali ukingo wa chini wa kioo cha nyuma katika magari mengi makubwa ya kifamilia uko juu ya kichwa chake. Isitoshe, mtoto wa umri huo huamini kwamba akiliona gari, basi aliye ndani naye anamwona. Hajui kuwa taa nyeupe za nyuma zina maana gani. Anachojua ni kwamba baba au mama anaondoka, na anataka kumuaga.

Sheria iliyozaliwa na msiba

Mnamo Oktoba 2002 katika jimbo la New York, daktari mmoja wa watoto alikuwa akiegesha gari lake nyumbani usiku kwa kurudi nyuma. Mwanawe wa miaka miwili, Cameron Gulbransen, alikuwa ametoka nje bila mtu kujua. Gari lilimkanyaga, akafa.

Tazama, msomaji: aliyekuwa kwenye usukani hakuwa mtu asiyejali watoto. Alikuwa mzazi ambaye kazi yake ya kila siku ni kuwatibu. Baba huyo aliungana na wazazi wengine waliofikwa na msiba kama wake wakadai sheria, na mnamo Februari 2008 Rais George W. Bush aliitia sahihi. Sheria hiyo ilipewa jina la mtoto huyo. Hata hivyo, utekelezaji wake ulicheleweshwa mara kadhaa. Ni tangu Mei 1, 2018 ambapo kila gari jipya la chini ya takriban tani nne na nusu linalouzwa Marekani limelazimika kuwa na kamera ya nyuma. Kanuni zinataka picha ionyeshe eneo la upana wa mita tatu na urefu wa mita sita nyuma ya gari, na itokee kabla ya sekunde mbili kupita baada ya gia kutiwa.

Japan nayo ilianza Mei 2022 kudai magari ya aina mpya yawe na kamera au kifaa kingine cha kumsaidia dereva kujua kilicho nyuma. Hili latuhusu sana sisi Wakenya. Mengi ya magari ya watu binafsi tuliyo nayo yalitumika Japan kabla ya kushushwa katika bandari ya Mombasa, na kanuni zetu haziruhusu kuingizwa kwa gari lililopitisha umri wa miaka minane. Kwa hivyo kamera hizi, ambazo zamani zilikuwa anasa ya matajiri, zitazidi kuonekana katika magari ya watu wa kawaida.

Kuona ni kumoja, kutazama ni kwingine

Je, kamera zimeokoa watoto? Jibu ni ndiyo, lakini si kwa kiasi kilichotarajiwa na wengi. Taasisi ya utafiti wa usalama barabarani inayogharimiwa na kampuni za bima nchini Marekani, IIHS, ilipima magari mbalimbali ikapata kwamba kamera hupunguza eneo la nyuma lisiloonekana kwa wastani wa asilimia 90. Lakini watafiti wake walipolinganisha ajali za kurudi nyuma zilizoripotiwa kwa polisi, waligundua kuwa magari yenye kamera yalipungukiwa na ajali hizo kwa asilimia 17 hivi tu.

Kwa nini pengo liwe kubwa hivyo? Jaribio moja la taasisi hiyo lilitoa mwanga. Madereva wa kujitolea waliombwa waondoe gari mahali lilipoegeshwa, na bila wao kujua, sanamu bapa yenye kimo cha mtoto mdogo ikawekwa nyuma. Zaidi ya nusu ya waliokuwa na kamera waliigonga. Sanamu ilikuwa kwenye picha, ila wao hawakuwa wakitazama skrini kwa wakati uliofaa. Ilipokuwa kivulini, ilikuwa vigumu zaidi kutambulika.

Hapo ndipo kiini cha makala haya. Kamera humwonyesha dereva, lakini haimlazimishi kutazama. Wala haikanyagi breki.

Jipime mwenyewe

Kabla ya kuendelea, jaribu jambo hili Jumamosi hii, uwe na kamera au usiwe nayo. Chukua ufagio wenye mpini mrefu na uufunge kitambaa chekundu kwenye kimo cha sentimita 80 kutoka chini. Keti kwenye kiti cha dereva kama ulivyozoea, kisha mwombe mtu mzima ausimamishe ufagio huo nyuma ya gari, karibu kabisa na bampa, injini ikiwa imezimwa. Geuka utazame kupitia kioo cha nyuma. Mwambie arudi nao hatua moja moja hadi utakapokiona kile kitambaa, halafu apime umbali huo kwa hatua.

Wengi hushtuka. Umbali wote huo, kutoka bampa hadi alipofikia mwenzako, ni mahali ambapo mtoto wa miaka miwili anaweza kusimama nawe usimwone katu. Katika pikapu na magari yaliyoinuka, eneo hilo huwa kubwa zaidi. Dereva mfupi huona kidogo zaidi kuliko mrefu.

Jinsi picha inavyoweza kukudanganya

Kamera ya nyuma hupata umeme wakati gia ya kurudi nyuma inapotiwa. Lenzi yake ni ya kupanua, yaani hukusanya eneo pana katika picha ndogo. Faida ni kwamba huona hadi chini ya bampa. Hasara ni kwamba vitu huonekana viko mbali kuliko vilivyo. Ndiyo sababu ikawekwa mistari ya rangi: kijani mbali, manjano katikati na mwekundu karibu. Katika magari mengi mstari mwekundu huwa nusu mita hivi kutoka bampa, lakini hutofautiana. Weka mawe kwa vipimo vya nusu mita, mita moja na mita mbili nyuma ya gari lako, kisha uone yanaangukia wapi kwenye skrini.

Mistari hiyo hupimwa kwa ardhi tambarare. Iwapo nyuma yako kuna mwinuko, mtu au ukuta huonekana uko mbali ilhali uko karibu. Wenye nyumba penye miteremko wanapaswa kukumbuka hili kila siku. Vilevile, kitu kinachoning'inia bila kugusa ardhi, kama vile mkia wa lori au mbao zilizochomoza kwenye mkokoteni, hupotosha macho. Mistari hukuonyesha chini ya lori, kwenye magurudumu yake, na kumbe ubao wake wa nyuma umeshafika kwenye kioo chako.

Picha hugeuzwa ili ifanane na ya kioo: aliye upande wa kulia wa gari aonekane kulia kwa skrini. Ikiwa kamera yako ilitiwa na fundi mtaani, mwombe mtu asimame nyuma, upande wa dereva. Akionekana kushoto, mrudishie fundi gari airekebishe kabla hujazoea kosa.

Hatimaye kuna uchafu. Tope la msimu wa mvua, vumbi la kiangazi, matone ya mvua na jua la jioni linalopiga lenzi moja kwa moja huifanya picha iwe ukungu mtupu. Weka kitambaa laini mlangoni mwa gari na upanguse lenzi kila asubuhi. Kazi hiyo ina faida ya pili: inakulazimisha kwenda nyuma ya gari.

Namna ya kurudi nyuma kwa usalama

Utaratibu ufuatao hauchukui hata dakika moja.

Kwanza, lizunguke gari kabla ya kuingia. Tazama nyuma, kando na chini yake. Ukishamaliza, ingia na uondoke mara moja. Ukikaa dakika tano ukijibu simu, mzunguko ule haufai tena kitu, rudia.

Pili, jua kila mtoto yuko wapi. Njia ya hakika ni mtu mzima kumshika mkono, mahali ambapo wewe dereva unawaona wote wawili, hadi gari litoke langoni. "Watoto wako ndani" haitoshi, kwani mlango hufunguka. Mkubaliane nyumbani kwamba gari haliwashwi kabla yaya au mzazi mwingine kukuonyesha mtoto mkononi.

Tatu, zima redio, weka simu chini na ushushe kioo cha mlango. Sikio lako laweza kukuambia jambo ambalo kamera haikuliona.

Nne, tia gia huku mguu ukiwa juu ya breki na ungoje picha itokee. Tazama skrini, vioo vya pembeni, kisha ugeuke utazame juu ya bega. Endelea kuzungusha macho hivyo hadi utakaposimama. Usiyakaze kwenye skrini peke yake, kwa maana kamera haioni pua ya gari inavyopinda kuelekea upande mwingine unapokata usukani, wala haimwoni mapema anayekuja mbio kutoka kando.

Tano, enda polepole kuliko mtu anayetembea. Hesabu ni rahisi: kwa kasi ya kilomita 10 kwa saa, gari huenda karibu mita tatu kila sekunde. Ukichukua sekunde moja na nusu kuona na kukanyaga breki, umeshapita mita nne. Kwa kilomita tatu kwa saa, ungekuwa umepita mita moja na robo tu.

Sita, iwapo bawabu anakuelekeza, asisimame nyuma ya gari akipiga buti na kusema "rudi, rudi". Asimame kando, mahali unapomwona kwenye kioo, na mpatane mapema ishara ya kusimama. Ukimpoteza machoni, simama.

Na iwapo unaweza kuchagua, rudi nyuma unapoingia mahali pa kuegesha ili utoke ukitazama mbele. Unapofika umetoka kupaona mahali penyewe. Asubuhi gari limelala pale saa nyingi, nawe hujui ni nani ameamka na kwenda kucheza nyuma yake.

Wenye shingo ngumu na macho yaliyochoka

Kwa dereva mwenye maumivu ya shingo au aliyekakamaa viungo kwa umri, kamera ni msaada mkubwa kwa sababu kugeuka ni taabu. Lakini ikiwa huwezi kabisa kutazama juu ya bega, hilo ni jambo la kumwona daktari. Mara nyingi mazoezi ya viungo yakielekezwa na mtaalamu husaidia.

Aidha, baada ya umri wa miaka 40 hivi, jicho hupoteza wepesi wa kuhama kutoka kutazama mbali hadi karibu. Ikiwa unalazimika kuisogelea skrini ndipo uone vyema, au picha huchukua muda kutulia machoni, kapimwe macho. Usiku, punguza mwangaza wa skrini ili usikutie kiwi unaporudi kutazama vioo.

Ajali ikitokea

Simamisha gari, vuta breki ya mkono, zima injini. Usilisogeze mbele wala nyuma kwa hofu kabla ya kushuka na kuona mtoto yuko wapi, kwani wapo waliokanyagwa mara ya pili. Usimvute kwa mkono au mguu. Mwache alale alivyo ikiwa anapumua na hayuko hatarini, mtu mmoja akishikilia kichwa chake kisigeuke. Damu ikitoka, bonyeza hapo kwa kitambaa safi bila kuachilia. Mwingine apige simu 999 au 112. Usimpe maji wala chai, kwa sababu huenda akahitaji kufanyiwa upasuaji.

Mpeleke hospitalini hata kama anatembea na amenyamaza kulia. Mbavu za mtoto ni laini na hupinda bila kuvunjika. Kifua chaweza kuonekana kizima ilhali mapafu, ini au wengu vimeumia na damu inavuja ndani. Akianza kutapika, kusinzia kusiko kwa kawaida, kupauka, kupumua harakaharaka, kuvimba tumbo au kukojoa damu, hiyo ni dharura hata ikiwa ni saa nane za usiku.

Naye dereva asisahaulike. Mara nyingi ni baba, mama, mjomba au jirani mpendwa, na jeraha lake halionekani kwenye eksirei. Asiachwe peke yake, asitupiwe lawama mbele ya watu, na apelekwe kwa mshauri nasaha au daktari mapema.

Kwenye skrini za magari mengi yaliyotoka Japan huwa kuna mstari wa maandishi ya Kijapani juu ya picha ya nyuma. Wengi wetu tumeuona miaka na mikaka bila kujua wasemaje. Kwa kawaida humhimiza dereva ahakikishe mwenyewe kwa macho yake kwamba pande zote za gari ziko salama. Aliyetengeneza kamera anakuambia usiitegemee peke yake. Kesho asubuhi, kabla ya kutia gia, shuka ulizunguke gari.